Vikombe vya Mzee wa Bilele

Bilele, katika Manispaa ya Bukoba, mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, kisha ndipo huja chai. Hivyo ndivyo tulivyopokewa sisi wajumbe wa kamati ya msikiti, tulipoitwa na familia ya mzee mmoja marehemu tushuhudie mali yake ikiorodheshwa kabla ya kugawanywa mirathi.

Kabatini mlikuwa na vikombe vinne vya kauri, vyembamba mno. Awali vilikuwa sita. Viwili vilivunjika katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lile la ukubwa wa 5.9 lililopoteza maisha ya watu na kubomoa nyumba nyingi mkoani Kagera. Kijana mmoja alipokiinua kimoja dirishani ili akague ufa, kitakoni ikatokeza sura ya mwanamke wa Kijapani. Alipokiteremsha, sura ikatoweka.

Si uchawi huo. Fundi huupa udongo unene unaotofautiana: palipo pembamba mwanga hupenya, palipo panene huwa kivuli. Ufundi huo ulisajiliwa Paris mwaka 1827 na Baron Paul de Bourgoing, nao Wajapani wakautia katika vikombe walivyouza ng'ambo karne ya 20. Kupenda kauri za mbali si jambo geni kwetu: wazee wa pwani walipachika vyombo vya Kichina katika makaburi ya Kunduchi, ambayo magofu yake yangalipo.

Hapo mzozo ukaanza. Mwana mkubwa alitaka vivunjwe, kwa kuwa sura haifai nyumbani mwa Muislamu. Mdogo wake alikwisha kusikia kwamba wakusanyaji wa vitu vya kale huvinunua. Imamu akawatuliza: wanazuoni wamehitilafiana kuhusu picha isiyotundikwa wala kutukuzwa, lakini haki za warithi hazina mjadala, mmoja asivunje kilicho cha wote, na miongoni mwa wote hao yumo mjane, na wamo mabinti.

Ndipo binti wa marehemu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema: "Baba hakupata kumaliza chai yake. Kila siku alibakiza kidogo chini ya kikombe, nasi tukidhani ni mazoea tu."

Hakuna aliyemjibu. Vikombe vikathaminiwa, naye akavichukua kwa bei waliyoiridhia wote, ikakatwa katika fungu lake. Kaka yake ndiye aliyemfungia katika gazeti, kimoja kimoja.

Ndugu Waislamu, mzee yule hakuacha wasia ulioandikwa, na vikombe vinne vilikaribia kuwatenganisha watoto wa tumbo moja. Tuandike tulivyo navyo na tunavyodaiwa, tungali hai. Kabla hatujaondoka tuliandaliwa chai katika vikombe vile vile. Tulikunywa, tukashukuru, na kila mmoja wetu akabakiza kidogo chini.