Kozi Moja ya Mantiki

Juma lililopita mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesomea takwimu alinijia ofisini na fomu ya kozi za hiari. Alitaka kuchukua Mantiki kutoka idara ya falsafa, lakini wenzake walikuwa wamemtisha: itamshusha wastani, na hakuna tangazo la ajira linaloulizia habari za Aristotle. Hofu hiyo naijua. Nami nilisomea takwimu, nikachukua kozi kama hiyo, na sababu yangu haikuwa tukufu: ratiba ilikuwa na nafasi Jumatano asubuhi.

Tulifundishwa humo kosa kongwe la kufikiri: jambo hili limefuata lile, basi lile ndilo lililolileta. Nililiona kama mchezo wa darasani. Kisha likizo ikanirudisha Ufipa.

Nyumbani ni kijijini, nje ya Sumbawanga, mji ambao jina lake lenyewe hufasiriwa kuwa "tupa uchawi". Nilikuta msiba. Mtoto wa baba mdogo alikuwa amefariki kwa homa, siku tatu baada ya shangazi yetu kuja kumjulia hali. Shangazi alikuwa mjane mzee, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Msomaji wa nchi hii anajua macho hayo yamewagharimu nini bibi zetu. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa usiku.

Niliomba ruhusa ya kusema, nikaanza na matuta. Kwetu, mvua zikielekea ukingoni, majani hufukiwa ndani ya matuta ya duara yaoze. Msimu unaofuata udongo ule husambazwa, ukapandwa ulezi au mahindi. Ulezi ukidumaa, mkulima wa Kifipa huuliza majani yalifukiwa lini, udongo ulikuwa na unyevu kiasi gani, shamba la jirani limezaaje. "Baba zangu," nikasema, "mbona kwa mtoto hatuulizi hivyo? Msimu huu homa imeua watoto wangapi katika nyumba ambazo shangazi hakukanyaga?"

Walitajwa wawili. Kikafuata kimya kirefu. Baba mkubwa akasema chuo kimenifundisha utovu wa adabu. Hata hivyo kikao kiliahirishwa, wala hakikurudiwa. Shangazi alihamia Mpanda kwa binti yake kabla ya mvua. Hakusubiri kujua kama tumeshawishika, na simlaumu.

Mtaniambia takwimu peke yake ingetosha. Labda. Lakini takwimu nilifundishwa nikiwa nimeshapewa jedwali. Usiku ule hapakuwa na jedwali, ilibidi kwanza mtu aulize ni nani hajahesabiwa. Kila mwaka nasoma ripoti za miradi zisemazo kuwa ufaulu umepanda "tangu mradi uanze", nami nakikumbuka kikao kile.

Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akiwa ameshafundisha baiolojia Tabora. Shahada aliyorudi nayo 1952 ilikuwa na uchumi, historia, na pia falsafa ya maadili. Falsafa ilikuwa somo mojawapo tu kati ya mengi.

Nilimtilia kijana saini. Nikamwambia pia kwamba mimi nilipata C, na wastani wangu ulishuka kweli.