Chumvi Katika Bustani ya Shule

Twapenda kuwaeleza kosa letu. Katika kijiji kimoja kati ya Nachingwea na Ruangwa tuliwaongoza watoto wa shule kulima bustani bondeni. Tulichimba kisima, tukapanda mchicha na vitunguu, tukawaagiza watoto kumwagilia asubuhi na jioni, kidogo kidogo, maana maji yalikuwa machache. Mwaka wa kwanza tulivuna vema, hata tukajisifu mbele ya wazee. Kiangazi cha pili ncha za vitunguu zikaungua, na juu ya udongo ukatanda unga mweupe mfano wa chokaa. Bibi mmoja, jirani wa shule, akauonja, akatema.

"Mwalimu, huu ni munyu."

Tulimjibu, wala si kwa adabu iliyompasa, kwamba chumvi hutoka baharini. Bibi akacheka tu, akaenda zake.

Naye alisema kweli. Maji ya kisima, hata yawe matamu kinywani, yana chumvi kidogo iliyotoka katika mawe na udongo. Jua huyanyonya maji, lakini chumvi hainyonywi, hubaki. Sisi tulitia maji machache yasiyoweza kuizamisha chini, tena bonde lile halikuwa na mtaro wa kuyatoa. Basi kila siku tuliongeza chembe juu ya chembe. Mvua kubwa ikija huiosha chumvi hiyo, nayo huteremka vijitoni, na vijito vyetu huingia Mbwemkuru au Lukuledi, ambako wengine huchota.

Wala si kumwagilia tu. Wazee wa Nachingwea wajua habari za matingatinga yaliyong'oa pori kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, uliovunjwa mwaka 1951. Hatusemi kwamba mradi ule ulitia mito yetu chumvi. Lakini huko Australia ya Magharibi watu walikata miti yenye mizizi mirefu wapate kupanda ngano. Ngano haikuweza kunywa maji yote yaliyokuwa yakinywewa na miti. Maji ya chini ya ardhi yakapanda, yakaiamsha chumvi iliyolala humo tangu kale, hata mto Blackwood ukaharibika. Na katika nchi yetu wenyewe, mto Pangani umepungukiwa nguvu kwa maji yatwaliwayo huko juu kwa mashamba, hata bahari imepata nafasi ya kupanda mtoni na kuingiza chumvi yake.

Tulikwenda kwa bibi yule kumwomba radhi. Alitupa kiti na muhogo wa kuchemsha, wala hakutaja neno la munyu.

Mwaka huu kijiji kimetaka kufungua mfereji wa kumwagilia bonde zima. Barazani tuliulizwa shauri letu, tukasema kwamba mfereji wa kuingiza maji usichimbwe kabla ya mtaro wa kuyatoa. Vijana wengi walinung'unika, kwa kuwa kazi itakuwa maradufu, nasi twawaelewa. Ndipo bibi akainuka, akauliza swali moja: maji hayo ya mtaroni, yenye munyu wetu, yatamwagwa kwa nani?

Hapana aliyemjibu. Baraza likaahirishwa hata baada ya mavuno ya mbaazi.