Tafakari ya Juma: Maandishi Madogo Nyuma ya Pakiti



Juma hili tunapenda tutafakari jambo ambalo laweza kuonekana kuwa la dukani kuliko la kanisani: kusoma maandishi ya pakiti za vyakula. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo wamo ndugu wenye kisukari cha aina ya pili. Huambiwa wapunguze wanga, kisha hurudi nyumbani wasijue wanga huo umejificha wapi.

Kabohaidreti ni jina la jumla. Ndani yake mna sukari, na mna wanga wa ugali, wali, mkate, viazi na ndizi. Vyote viwili mwili huvigeuza kuwa glukosi, nayo huingia katika damu. Kwa hiyo anayetazama mstari wa sukari peke yake amesoma nusu ya habari. Biskuti zilizoandikwa “bila sukari” bado ni unga wa ngano, na maji ya matunda “yasiyoongezwa sukari” bado yana sukari ya matunda yenyewe.

Tusome basi kwa utaratibu. Kwanza, tutazame kipimo: je, hesabu ni ya gramu 100 au ya pakiti nzima? Ikiwa gramu 100 za biskuti zina gramu 70 za kabohaidreti, anayekula gramu 50 amepata gramu 35. Pili, tutafute jumla ya kabohaidreti, ndipo tuangalie sukari na nyuzinyuzi. Tatu, tusome viambato, ambavyo kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Glukosi, maltodekstrini na asali, ingawa majina ni mbalimbali, zote hupandisha sukari ya damu. Soda yenye gramu 10 katika kila mililita 100 humpa mnywaji wa chupa ya mililita 300 gramu 30, yaani vijiko vya chai zaidi ya saba. Unga wa mashineni hauna maandishi, lakini takriban robo tatu ya uzito wake ni kabohaidreti. Hapo kipimo chetu ni ukubwa wa tonge na wa sahani.

Hata hivyo, hesabu hii isigeuke kuwa woga. Anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kisukari, asipunguze chakula ghafla bila kushauriana na mganga wake, kwani sukari yaweza kushuka hadi kuhatarisha uhai. Saa hiyo soda ile ile huwa msaada. Wala asivumilie hatari hiyo kwa ajili ya Komunyo: Kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yawaruhusu wagonjwa kupokea Ekaristi hata kama wamekula ndani ya saa moja iliyotangulia.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 37, amshauri mtu ajipime maisha yake yote, atambue kinachomdhuru na kujinyima hicho. Sura inayofuata yamheshimu tabibu. Mambo hayo mawili huenda pamoja: dawa haichukui nafasi ya kiasi, wala kiasi hakichukui nafasi ya dawa.

Lakini mzigo huu tusimwachie mgonjwa peke yake. Mara ngapi mwanajumuiya mwenzetu hupokea soda asiyoihitaji, kwa kuogopa kuitwa mwenye maringo? Anakunywa ili asituudhi, na usiku anaumia peke yake. Ukarimu unaomlazimisha mgeni kuficha ugonjwa wake bado haujawa upendo. Tunapokutana kwa sala, maji safi yawekwe mezani pamoja na soda, na anayechagua maji asiulizwe sababu.

Nanyi vijana, wazee wetu wengi hawaoni maandishi hayo madogo, tena mara nyingi yameandikwa kwa Kiingereza. Kumsomea bibi pakiti kabla haijafunguliwa ni tendo la huruma kama lile la kumtembelea mgonjwa, na pengine litamwepusha na kitanda hicho cha ugonjwa.

Bwana atujalie macho ya kuona kilicho kweli, na moyo wa kulindana. Juma jema, na Mungu awabariki nyote.