Nyayo Zinazopanda

Njia ya Hermit, kwenye ukingo wa kusini wa Grand Canyon huko Arizona, Marekani, haimbembelezi mtu. Inaanzia kwenye kimo cha takriban mita 2,000 na kuteremka papo hapo, kona baada ya kona, huku kokoto zikiteleza chini ya buti. Unapita kwanza kwenye mawe ya chokaa ya Kaibab, kisha kwenye matabaka ya Toroweap, halafu ukuta unabadilika na kuwa wa rangi ya krimu iliyopauka. Ukiupitishia kiganja, unakwaruza. Hapa umeingia kwenye jiwe la mchanga la Coconino, lenye umri wa karibu miaka milioni 280. Wengi wa walionipita asubuhi ile walikuwa wanawahi chemchemi ya Santa Maria kabla jua halijawa kali. Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya ukuta huu.

Jambo la kwanza kuonekana ni mistari. Haikulala kama kurasa za kitabu kilichofungwa, bali imeinama, fungu moja likikatwa na jingine juu yake. Aliyewahi kufika kwenye ule Mchanga Unaohama karibu na Olduvai, Tanzania, ataielewa mara moja. Upepo unasukuma chembe za mchanga zipande polepole upande mmoja wa tuta, zikifika kileleni zinaporomoka upande wa pili ulio mkali, na tuta zima linasogea hatua kwa hatua. Kila poromoko linaacha tabaka jembamba lililoinama. Ukuta wa Coconino ni matabaka hayo, moja juu ya jingine, kwa makumi ya mita kwenda juu. Wakati huo Arizona ilikuwa karibu na ikweta, na eneo hili lote lilikuwa jangwa la matuta.

Bamba nililolitafuta liko kando ya njia, limeinama vilevile tuta lilivyokuwa limeinama. Jua lilipokuwa bado chini, kila unyayo ulijaa kivuli chake na msururu mzima ukajitokeza wazi: mashimo madogo ya mviringo, mawili mawili, upana wa kila moja ukiwa kama sentimita tatu, na mbele yake alama fupi za vidole. Nilipiga magoti. Nyuma ya kila unyayo, upande wa bondeni, palikuwa na kifundo cha mchanga kilichopinda mfano wa hilali. Mnyama alikanyaga, mchanga mkavu ukasukumwa chini kwa uzito wake, ukarundikana na kubaki hapo. Hilali hizo zilinieleza mambo mawili kwa pamoja: mnyama alikuwa anapanda, na mchanga ulikuwa umelegea.

Mwaka 1924 Charles Gilmore, mtaalamu wa visukuku kutoka taasisi ya Smithsonian, alikuja kukusanya nyayo hapa, na nyingine akaziacha mahali pake kando ya njia ili wapitaji wazione. Alipozipanga na kuzieleza, jambo moja lilijitokeza: karibu nyayo zote zilikuwa zinapanda mteremko. Haiwezekani wanyama wa jangwa zima wapande tu bila kushuka. Edwin McKee, aliyekuwa mtaalamu wa viumbe na miamba katika Hifadhi ya Taifa ya Grand Canyon, alilitafutia jibu kwa majaribio katika miaka ya 1940. Aliwatembeza mijusi kwenye miteremko ya mchanga mkavu, wenye unyevu na uliolowa. Kwenye mchanga mkavu, mnyama aliyepanda aliacha nyayo zinazosomeka. Aliyeshuka aliuporomosha mchanga ukazifukia nyayo zake mwenyewe. Basi wanyama wale walipanda na kushuka kama kiumbe chochote, ila mteremko wenyewe ulichagua kipi kibaki.

Kwangu hili ndilo somo kubwa la Coconino. Unyayo haukuandikwa na mguu peke yake. Nusu yake imeandikwa na ardhi: ukavu wake, mwinamo wake, na kilichoifunika baadaye. Anayesoma mguu akaiacha ardhi atapotoka, hata awe na macho makali kiasi gani.

Mjadala uliofuata unalionyesha hilo. Mwaka 1979 Leonard Brand alichapisha majaribio ya salamanda waliotembea chini ya maji, akasema huenda nyayo za Coconino ziliachwa majini. Moja ya hoja zake ilitokana na misururu ambayo vidole vinaelekea juu wakati mnyama anakwenda upande, kana kwamba mkondo unamsukuma. Hoja hiyo ilistahili kujibiwa, na majibu yalitoka kwenye jiwe lenyewe. Mnyama anayekata mteremko mkali wa mchanga mkavu naye huteleza upande. Zaidi ya hapo, kwenye matabaka hayohayo kuna alama za buibui na nge, ambazo Lionel Brady alizieleza mwaka 1947. Nge na buibui walio hai, wakitembezwa juu ya mchanga, huacha alama za namna ileile. Na hao ni wakazi wa nchi kavu.

Mifupa, hata hivyo, haijapatikana katika Coconino. Yote tunayoyajua kuhusu wanyama wa jangwa hili yametoka kwenye nyayo, na ndiyo maana wataalamu huzipa nyayo majina yake yenyewe, tofauti na ya wanyama. Jina Ichniotherium ni la aina ya unyayo. Mwaka 2019 watafiti walieleza nyayo za aina hiyo kutoka hifadhi hii, wakazihusisha na diadektomofu, wanyama wenye miili mizito ambao hapo awali hawakujulikana kuishi jangwani. Nyayo chache tu zikapanua makazi ya ukoo mzima.

Kwenye njia jirani ya Bright Angel, mwaka 2016 mwanajiolojia mmoja aliona nyayo kwenye jiwe kubwa lililoanguka kutoka kwenye genge. Ni za kale zaidi, kama miaka milioni 313, za tabaka la Manakacha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 uliweza kusoma hata mpangilio wa hatua: mguu wa nyuma wa upande mmoja, kisha wa mbele wa upande uleule, halafu upande wa pili. Mwendo huo bado unatumiwa na wanyama wengi wa miguu minne wanapotembea taratibu.

Jiwe lile lilivunjika lenyewe. Linaloniuma ni mabamba yanayobanduliwa kwa makusudi. Ukiling'oa bamba umechukua mguu na kuacha ardhi nyuma: mwinamo haupo tena, upande wa upepo haupo, wala jirani zake waliopita juu na chini ya tabaka hilo. Kuchukua visukuku bila kibali katika hifadhi za taifa za Marekani ni kosa, na sheria hiyo inalinda ushahidi ambao hauwezi kutengenezwa upya. Sisi Watanzania, tulio na nyayo za binadamu wa kale kule Laetoli, tunalijua jambo hili. Nyayo zile zilizogunduliwa mwaka 1978 zilifukiwa tena katika miaka ya 1990 ili zibaki salama palepale zilipokanyagwa.

Anayetaka kuzisoma za Hermit azifuate mapema asubuhi, jua likiwa chini, au amulike kwa tochi kutoka ubavuni. Apige picha ya bamba zima pamoja na mwinamo wake kabla ya kusogelea unyayo mmoja. Aanze kwa kuuliza mchanga ulikuwaje, ndipo aulize nani alipita.