Mantra ya Asubuhi, Kisutu

Usingizi ulinikimbia kipindi kile kontena letu la vitambaa lilipokwama bandarini. Kontena lilitoka, faini tukalipa, wateja wakarudi dukani, usingizi haukurudi. Saa nane za usiku niko macho, najumlisha na kutoa: deni la kiwanda, kodi ya fremu Kariakoo, mishahara ya vijana, ada za watoto. Nikimaliza naanza upya, na jumla haikubali kulingana na ile ya kwanza. Mchana hasira zangu zilikuwa za mkizi. Daktari alipima presha, akatikisa kichwa, akaniandikia vidonge. Vidonge hivyo nameza hadi leo, mtu asije akadhani nimekuja hapa kuwaambia watu waache dawa.

Mimi ni Mgujarati wa Kisutu, Dar es Salaam. Nimezaliwa hapa, na Kiswahili changu nimekipatia dukani, Kariakoo. Nyumbani kwetu kulikuwa na kikabati cha ibada, harufu ya udi, na Ba, bibi yangu, aliyeamka kabla ya watu wote akachukua mala yake, ule uzi wa shanga za kuhesabia mantra. Nilikua nikiisikia sauti yake kama mtu anavyoisikia feni ya dari: ipo, lakini nani anaisikiliza?

Aliyenifanya nisikilize ni Foi, shangazi yangu anayeishi Nairobi. Nilimlilia kwenye simu kuhusu usingizi, akaniambia, "Anza Gayatri." Nikastaajabu. Ba alitufundisha kwamba mantra hiyo ya Gayatri ni ya wanaume waliovalishwa janoi, uzi mtakatifu wa begani. Sisi wasichana tulipewa jina la Rama tulitaje, basi. Lakini Foi aliolewa katika familia ya Arya Samaj, ile harakati iliyoanzishwa Bombay mwaka 1875 na Dayananda Saraswati, ikafika Nairobi mwaka 1903, na ambayo tangu zamani inafundisha kwamba Veda, maandiko yetu matakatifu, ni za kila mtu, mwanamke akiwemo. "Dikri," yaani binti, aliniambia, "kwani jua linawachomozea wanaume peke yao?" Sikuwa na jibu.

Gayatri imo ndani ya Rigveda, mojawapo ya Veda hizo, kitabu cha tatu, na mapokeo yanasema mwonaji wake ni Vishvamitra. Inamwelekea Savitri, jua kwa nguvu yake ya kuamsha viumbe. Nilipoelezwa maana yake nilinyamaza kidogo. Haiombi mali, haiombi mtoto, haiombi kontena litoke bandarini. Inaomba mwanga huo uzisukume akili zetu, basi. Ina silabi 24, mafungu matatu ya nane nane, na ili fungu la kwanza litimie inabidi neno moja livutwe kidogo mdomoni. Foi alinisahihisha neno hilo kwa simu jioni baada ya jioni, mpaka mume wangu akawa analijua.

Wakati wake ni kabla jua halijachomoza. Kwa hili sisi wa Dar tuna bahati: tuko karibu na ikweta, na mwaka mzima jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili. Huhitaji kalenda. Nakaa kwenye baraza ya nyuma, uso mashariki. Adhana ya alfajiri imekwisha, daladala za kwanza zinapiga honi, na kunguru wameanza fujo zao. (Kunguru wetu hawa nao asili yao ni Bara Hindi, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Sina haki ya kuwalalamikia.)

Mala ina shanga 108 na moja kubwa iitwayo sumeru. Shanga husogezwa kwa kidole gumba na kile cha kati. Kidole cha shahada hukaa kando. Ukiifikia sumeru huivuki, unageuza na kurudi ulikotoka. Mzunguko mmoja, bila pupa, huchukua karibu dakika ishirini, na mwanzoni dakika hizo zilikuwa ndefu kuliko foleni ya Kariakoo wiki ya sikukuu. Nilianza kimoyomoyo kwa kuona haya. Vitabu vya kale huitukuza njia hiyo kuliko zote: juu kabisa ni kimya, chini yake kunong'ona, halafu kusema kwa sauti. Lakini kimya changu kilikuwa na nafasi tele, na zile hesabu za usiku ziliingia zikakaa. Shanga ya thelathini hivi, mimi nilishafika bandarini. Foi alipojua alicheka: "Sema kwa sauti. Mdomo mmoja hauwezi kuimba na kujumlisha." Hapo ndipo jambo lilipoanza kunishika.

Nadhani siri kubwa ni pumzi. Ukiisema Gayatri taratibu katika kutoa pumzi moja, unajikuta unapumua kama mara sita kwa dakika, wakati mtu aliyetulia tu hupumua mara kumi na mbili au zaidi. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ utafiti wa watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini na kusema mantra ya yoga. Zote mbili ziliwashusha kwenye pumzi hizo sita, na mwili ukawa mwepesi zaidi kurekebisha presha na mapigo ya moyo. Kwangu hilo latosha. Wanaouza mantra za kutibu kisukari, mimi nawapita.

Usingizi haukurudi kwa kishindo. Nilikuja kutambua tu kwamba saa ya mezani ndiyo inaniamsha. Nikishtuka usiku, na bado nashtuka, naisema Gayatri polepole bila mala, na hesabu zinakosa pa kukaa. Dukani waliona kabla yangu. Siku moja kijana alikosea kipimo akakata jora jipya mahali pasipo pake, akasimama na mkasi mkononi akingoja mvua ya maneno. Nilivuta pumzi, nikamwambia kile kipande tutakiuza kwa mafundi. Akaniangalia kwa wasiwasi. "Mama, unaumwa?"

Ghorofa ya juu yupo Bi Mkubwa, Mwislamu, ambaye baada ya sala ya alfajiri huleta tasbihi barazani kwake. Tunasikiana. "Mia yangu nimeshamaliza," huniambia akinichungulia kutoka juu, "wewe na mia na nane zako utachelewa chai."

Deni la kiwanda bado lipo, limepungua tu. Foi ananihimiza niongeze mzunguko wa pili. Nimekataa, mmoja nauweza hata siku ya mzigo. Jumapili binti yangu hukaa nami. Mafungu mawili anayaweza, la tatu bado linampiga chenga. Ba asingependa, najua. Foi ameshatuma mala ndogo kwa basi la Nairobi.