Kalavati la Saba

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka kwa kujiita mtunzi, ujue kwamba ninayo kazi moja iliyokwisha kusomwa na wakubwa, ikaaminiwa, na ikalipwa. Ina ukurasa mmoja. Inaitwa "Taarifa ya Kazi".

Niliiandika Oktoba 2023. Agosti ya mwaka ule Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza kwamba vuli ingekuja na El Niño, na kila mahali watu wakahimizwa kuzibua mitaro. Mimi nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya kaki, na riwaya iliyogoma sura ya tatu. Nikapata kibarua katika kikundi cha kufyeka majani na kuzibua makalavati barabara ya Handeni–Korogwe.

Ile ni lami ya kilometa 65. Rais Magufuli alipoifungua Agosti 2017, wazee waliowahi kulala njiani ndani ya basi kwa sababu ya tope walidhani habari ya tope imekwisha. Bwana we! Lami ni paa tu. Dawa yenyewe ni lile bomba la zege lililofukiwa chini yake. Maji yakinyimwa njia ya chini hupita juu, na yakipita juu hayaji peke yake, yanakuja na shamba la mtu. Mafuriko ya Oktoba 2019 yaliikata barabara hii hii, tukayaona kwa macho.

Kazi ya kalavati haina ujiko. Unaingia kwa magoti na jembe lililokatwa mpini, unakwangua mchanga, unajaza kiroba, mwenzako anakivuta kwa kamba. Tulitoa mizizi, chupa za maji, ndala za mguu mmoja, na siku moja sufuria nzima yenye mfuniko. Nikasema hii lazima niitie kwenye riwaya.

La saba lilikuwa limejaa hadi nusu, na juu ya mdomo wake nyuki wameweka makazi. Msimamizi wetu akalitazama kwa mbali. "Hili tutarudi," akasema. Hatukurudi. Siku ya malipo akanisogezea karatasi. "Si wewe ndiye mwandishi? Andika yote yamezibuliwa." Nikaandika. Tena kwa kiherehere changu nikaongeza: maji sasa yanapita bila kizuizi chochote. Sentensi tamu, nakiri.

Siku hizo hizo nilikuwa nasoma habari za miji ya baridi, maana shujaa wangu wa sura ya nne alikuwa anazamia Marekani. Kumbe nao wana tope lao, ila ni jeupe. Malori yanamwaga chumvi ili barafu iyeyuke, mengine yamefungwa jembe la chuma mbele yanasukuma theluji pembeni. Januari 1979, Chicago ilifunikwa na theluji ya karibu nusu mita kwa siku mbili tu. Meya wao, Michael Bilandic, akatangaza kwamba viwanja vya kuegesha magari vimekwisha kusafishwa. Watu wakaenda na magari yao, wakavikuta vimejaa theluji vile vile. Februari wakamwangusha kwenye kura za mchujo za chama chake, akapita mwanamama Jane Byrne, na ndiye aliyekuja kuwa meya wa kwanza mwanamke wa mji ule. Niliposoma pale kuhusu viwanja nikafunga kitabu. Sisi huku mvua ikiharibu tunasema ni mipango ya Mungu, na hakuna anayeuliza nani aliandika taarifa.

Novemba nilikuwa natoka Handeni kwenda Korogwe na mama, ndani ya Kosta. Mvua imenyesha usiku kucha. Dereva akasimama ghafla. Mbele yetu lami haikuonekana, ni tope jekundu lenye mahindi machanga ndani yake, yamesimama wima kama yamepandwa pale. Sikuhitaji kuhesabu. Niliwaona nyuki.

Tulishuka. Abiria mmoja, dada wa rika langu, alikuwa na mtoto amefungwa kanga mbili, anapumua kwa shida, wanampeleka hospitali. Konda akasema tusubiri greda. "Nisubiri na huyu?" akauliza yule dada, wala hakupiga kelele. Nikavua viatu, nikampokea mtoto. Tope lilinifika mapajani. Alikuwa wa moto kama chungu, kichwa chake kwenye shingo yangu. Ng'ambo kulikuwa na bodaboda, wakapanda wote wawili, wakaondoka. Jina la mtoto sikuuliza. Mpaka leo sijui walifikaje.

Nilirudi kumchukua mama. Alikuwa anautazama mdomo wa kalavati.

"Mwanangu, si ninyi mliozibua hapa juzi juzi?"

"Ni mbele kidogo, mama."

Akanishika bega, akapandisha kanga, tukavuka. Hakuniuliza tena, siku ile wala baadaye.

Greda lilikuja kesho yake mchana. Likalisukuma tope lote pembeni, lami ikang'aa, magari yakapita. Tope likaingia mtaroni, pale pale kwenye mdomo wa la saba.