Tukio Muhimu, kwa Nani?

Magoma, chini ya milima ya Usambara, wazee wote wanakijua kipande. Ilikuwa kadi ya kazi ya mkonge. Mkataji akimaliza kazi aliyopimiwa siku hiyo, kadi inatiwa alama. Alama zikifika 30, ndipo analipwa. Babu yangu alikata mkonge miaka ya 1950. Siku moja homa ilimwangusha akiwa amebakiza kidogo tu amalize, na kadi haikuandikwa kitu. "Mkonge niliokata ulikwenda korona," aliwahi kuniambia. "Siku yangu ndiyo haikwenda popote."

Kadi hizo zina historia ndefu milimani kwetu. Mwaka 1907, huko Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, utawala wa Wajerumani uliwapa wanaume wa Usambara kadi zilizowalazimu kuwafanyia walowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne.

Mimi nasomea shahada ya uzamili ya masoko Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya ninachosoma ni kutia alama. Mwenye tovuti huchagua tendo analotaka mgeni alifanye: kujaza fomu, kulipia, kupiga simu. Tendo likitimia, programu inaandika. Watu 200 wakifungua ukurasa na 4 wakajaza fomu, kiwango ni asilimia 2. Kisha pesa ya matangazo inapelekwa palipo na alama nyingi. Sisemi hiki na kipande ni kitu kimoja. Hakuna anayelazimishwa kubofya. Ila vyote viwili huhesabu kilichokamilika mbele ya macho ya anayehesabu, na kinachobaki nje hakina jina.

Darasani tendo hilo tunaliita konvesheni. Machi 2024 Google walilibadilisha jina ndani ya Google Analytics, likawa "tukio muhimu". Muhimu kwa nani?

Swali hilo nililipeleka Lushoto kwa mama yangu mdogo, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita. Tovuti yake ina ukurasa wa Kiingereza na wa Kiswahili, na chini ya kila mmoja kuna fomu ya kuomba chumba. Fomu tu ndiyo iliyokuwa ikihesabiwa. Ripoti ilionyesha kwamba ukurasa wa Kiswahili unasomwa sana, lakini fomu yake haijazwi.

"Huu wa Kiswahili ni hasara tupu," alisema huku akinigeuzia simu yake nione. "Tuufute, pesa iende kwa Wazungu. Na huyu binti wa mapokezi, kama wageni wanajaza fomu wenyewe, mimi namlipa wa nini?"

Ripoti haikudanganya. Ilikuwa imesimama kwenye mlango mmoja wa nyumba yenye milango mitatu. Mtanzania anayetaka chumba Lushoto anatazama picha, halafu anapiga simu. Maji ya moto yapo? Gari dogo linapanda? Mtoto analipiwa? Anaomba apunguziwe, kisha anatuma advansi kwa M-Pesa. Tovuti inamwona huyo kama mtu aliyefungua ukurasa akaondoka.

"Mama mdogo, nipe miezi miwili kabla hujafuta kitu," nilimwomba.

Tulifanya mambo matatu. Namba ya simu iliyokuwa maandishi matupu tuliigeuza kitufe, ili kila kubofya kuhesabiwe. Kiungo cha WhatsApp cha kila ukurasa tulikipa ujumbe wake uliokwishaandikwa. Ukiingia unaoanza "Habari, naulizia chumba", inajulikana umetoka ukurasa wa Kiswahili. Tatu ni daftari la mapokezi lenye safu moja mpya: umetufahamu kupitia wapi? Maana aliyebofya bado si mgeni. Mgeni ni aliyelala akalipa, na hilo programu haijui mpaka iambiwe. Majina na namba za simu hatukuyaweka katika safu hiyo. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, tulichotaka kujua ni njia, si mtu.

Daftari lilijaa zaidi mwisho wa wiki: familia zinazokimbia joto la Dar, walimu kutoka Korogwe, wanandoa waliofunga ndoa jana yake. Mwisho wa mwezi wa pili, vyumba vilivyolipiwa kwa njia ya simu vilikuwa vingi kuliko vya fomu, na wengi wa wapiga simu walikuwa wamesoma ule ukurasa wa Kiswahili. Mama mdogo alilipitia daftari kimya, akasema tangazo libaki.

Aliyeona upungufu wa hesabu yetu ni binti wa mapokezi mwenyewe.

"Dada," aliniuliza, "kuna wanaopiga wakasema watafikiria. Kesho yake mimi nawapigia kwa vocha yangu, ndipo wanakuja. Hao nawaandika wapi?"

Hapakuwa na safu yao. Anayechagua cha kutia alama huchagua pia kazi ya nani ionekane, na sote wawili, mwenye nyumba na msomi wake, tulikuwa tumewatazama wageni tu. Tulichora safu nyingine kwa rula, tukaiita "waliofuatiliwa". Vocha sasa inanunuliwa na nyumba. Mshahara haujazungumzwa, mama mdogo anataka kwanza msimu upite. Siku ikifika, binti atakuwa na cha kuweka mezani, kurasa kadhaa zilizoandikwa kwa mkono wake.